Mgonjwa wa Benchi la Kamanthe

Miaka ile laptop bado zinahesabika Machakos mjini, benchi la Kamanthe nyuma ya stendi ndilo lilikuwa hospitali yetu. Ungekuja na jino bovu au redio bovu, ungeondoka na ushauri na kikombe cha kahawa kali. Asubuhi hiyo ya Julai, baridi ikiuma, mgonjwa alikuwa laptop ya Onesmus, seremala mstaafu. Aliipakata ikiwa ndani ya sweta nyeupe yenye vifungo, iliyoacha wazi kioo na herufi tu. Marehemu mkewe, Kalekye, ndiye aliyeifuma. Enzi zake kila kitu nyumbani kilivaa: redio, thamosi, hata viti.

Ndani ya laptop mlikuwa na video moja tu ya Kalekye, akiimba jikoni. Kijana wao, aliyewaletea laptop hiyo, ndiye aliyempiga video kabla hajarudi ng'ambo. Tangu mazishi, Onesmus hakuwahi kuifikisha mwisho. Kila mara mashine ilijikokota, ikachemka, ikazimika mama wa watu akiwa katikati ya wimbo. Alimkumbuka mkewe vibaya sana, na mashine ikiharibika, sauti ile ndiyo basi.

— Injinia, hebu shika hapa, akasema Onesmus. — Inachoma kama pasi.

Laban, fundi wa redio aliyeitwa Injinia bila kuona chuo, aliigusa akatoa mkono haraka.

— Aiee! Hii ni vumbi ya Lukenya. Wanapasua mawe huko, vumbi inapanda nyaya, inakuja na stima mpaka kwa nyumba.

— Vumbi gani? alidakia Korane, muuza mbuzi. — Wallahi hii imeshiba. Mbuzi akikula sana anavimba, analala. Umeilisha picha mingi. Ifungie chakula siku mbili.

— Iko na video moja tu, Korane, akasema Onesmus.

— Basi hiyo moja ni nono.

Kamanthe alicheka akimimina kahawa. Onesmus hakucheka.

— Si ilitoka Ulaya? Laban akaendelea, sasa ameshika kasi. — Huko imezaliwa kwa barafu. Hapa inakumbuka kwao, inapandisha homa. Tuipeleke bucha ya Nzuki, ilale kwa friji na maini mpaka jioni.

— Hapo umesema! Korane akasimama. — Lakini upande wa mbuzi, si wa ng'ombe.

Onesmus naye akainuka. Alijua ni wazimu, lakini angejaribu nini kingine? Alikuwa ameshaikumbatia laptop tayari kwenda bucha, ndipo Wacera, mshonaji mgeni aliyefungua duka jirani wiki hiyo, alipofika kununua kahawa.

— Habari zenu wazee. Hiyo ni nini inaenda kwa friji?

— Laptop. Iko na joto mbaya, akasema Laban.

Wacera akaitazama.

— Sasa kama inaskia joto, mbona mmeivalisha sweta?

Laban akakohoa. Korane akatazama viatu vyake. Nyumbani kwa kila mmoja kulikuwa na redio iliyovaa vile vile.

Onesmus aliketi. Aliona uchungu kufungua vifungo vile, vidole vya Kalekye ndivyo vilivyovishona. Akavifungua kimoja kimoja. Chini, matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na manyoya ya uzi. Laban akayatoa kwa brashi, wakaiacha ipoe kwenye upepo wa Julai mpaka kahawa ikaisha.

Kisha wakaiwasha.

Kalekye aliimba, ubeti wa kwanza, wa pili, hadi pale pa kuzimika siku zote. Akapapita. Akamaliza wimbo, akapangusa mikono, akatazama nje ya dirisha la jikoni kumtafuta mtu uani.

— Onesmus! Baridi yote hiyo, umevaa sweta?

Onesmus aliifinya ile sweta tupu mkononi.

— Nimeishika, mama, akasema.