Mama Kwanza Akabidhi Meza ya Vipaumbele

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Idara ya Vipaumbele katika Tume yetu ya Utafiti anastaafu. Jina lake kamili limeandikwa mlangoni pake. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mwenyekiti, tunamwita Mama Kwanza, kwa sababu ya swali lake. Ukimpelekea hoja ndefu yenye michoro ya rangi, atakusikiliza hadi mwisho, atavua miwani, kisha atakuuliza: "Sawa. Kwanza nini?" Wengi wetu tumetoka ofisini kwake tukiwa na hoja fupi kuliko tuliyoingia nayo.

Aliingia Tume akiwa ofisa wa ngazi ya chini mwenye shahada ya fizikia. Chumba chake cha mwanzo alikigawana na mashine ya kunakili, na husema kuwa mashine ilimzidi cheo, maana ndiyo iliyopewa nafasi ya dirishani.

Siku hizo vipaumbele vya utafiti vya taifa vilipatikana kwa njia rahisi sana. Kila chuo na kila taasisi iliandika inachokitaka, ofisa akachapa yote, Waziri akatia saini. Kilimo kilikuwa kipaumbele, na madini, na bahari, na misitu, na afya yote ya binadamu, na ya mifugo pia. Orodha hiyo haikumkera mtu, na kwa sababu hiyohiyo haikumsaidia mtu. Fedha za umma zilimwagwa kidogo kidogo kila mahali kama maji ya kuulowesha uwanja wa vumbi, na jua likitoka hujui kama palimwagwa kitu.

Alipokabidhiwa meza hiyo aliomba ruhusa ya kujaribu namna nyingine. Akawaketisha pamoja watafiti, wauguzi, wakulima, wahandisi na maofisa wa wizara. Kila mada ikatakiwa ijieleze: itabadilisha maisha ya nani, tunao watu wa kuifanya, na tusipoifanya sisi, yupo mwingine atakayetufanyia? Ili pasiwe na hotuba, alileta kutoka jikoni kwake kile kisaa kinacholia mayai yakiiva. Profesa mmoja mashuhuri alikatizwa na kengele hiyo katikati ya sentensi. Akanuna, halafu akacheka mwenyewe, halafu akamalizia kwa maneno machache ambayo ndiyo tuliyoyaelewa.

Lakini kazi hii haikuwa ya kuchekesha siku zote, na wasifu unaoficha hilo hautakuwa umemtendea haki.

Katika duru ya pili ya vipaumbele, mada mbili zilibaki zikigombea nafasi moja. Ya kwanza ilihusu maji ya visima vya wilaya kavu, yenye floraidi nyingi inayoyatia meno madoa ya kahawia na kupindisha miguu ya watoto. Ya pili ilikuwa darubini ya taifa ya kuchunguza nyota. Aliyeiwasilisha alikuwa Mzee wa Nyota, profesa aliyemfundisha Mama Kwanza chuoni. Huyu ndiye aliyefunga safari hadi nyumbani kwao, akakaa sebuleni na baba yake mchana kutwa akimsihi amwache binti asome fizikia, badala ya kwenda kusomea kazi ambayo baba alishamchagulia. Bila mzee huyo tusingekuwa na Mama Kwanza wa kumuaga leo.

Wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu. Yeye alikuwa katibu, hakuwa na kura, na angeweza kabisa kuinamia karatasi zake. Mwenyekiti wa wakati huo akamgeukia: "Katibu, umesoma maombi yote. Wewe unaonaje?" Waliokuwepo wanasema alivua miwani, akaiweka juu ya maombi.

"Maji," akasema. "Mtoto ambaye mifupa yake inapinda mwaka huu hawezi kutusubiri. Na hakuna nchi nyingine itakayokuja kuvichunguza visima vyetu. Nyota zinachunguzwa na wengi, ingawa najua si hoja ya kumfariji mtu anayezipenda."

Hoja ya maji ikapita. Nje, kwenye ngazi, mzee alimsubiri. "Binti yangu, mimi nilikufundisha kutazama juu." Akamjibu, "Ndiyo, Mwalimu. Na ulinifundisha nikipima kitu, niseme nilichokipata." Mzee akashuka ngazi bila kumpa mkono. Kitengo chake kilifungwa muda si mrefu, wanafunzi wake bora wakaenda nchi za nje, na kwa miaka mingi wawili hao hawakusemezana. Mama Kwanza alimtumia salamu kila alipopata mtu wa kumtuma. Hazikujibiwa.

Ingependeza kuandika kwamba utafiti wa maji uliwaka kama taa tangu siku ya kwanza. Haukuwaka. Chujio la mwanzo liliyapa maji harufu ya chuma, na wanakijiji wakayamwaga, wakarudi kwenye maji yao ya zamani. Magazeti yakauliza kama hapo ndipo kodi zetu zinapokwenda. Yeye alisimama mbele ya wabunge akasema waziwazi kuwa chujio limeshindwa, na kwamba sasa tunajua kwa nini. Watafiti wakarudi mezani, safari hii wakiwa na wanawake wa visimani ndani ya timu. Chujio linalotumika leo katika wilaya hizo lilitokana na awamu hiyo. Bado halijafika kila kijiji, naye ndiye wa kwanza kutukumbusha hilo tunapoanza kujipongeza.

Jambo aliloling'ang'ania kuliko yote, hata hivyo, lilizaliwa pale kwenye ngazi. Aliona kuwa nchi inayotafiti matatizo yake ya leo peke yake itafika kesho mikono mitupu. Akapendekeza sehemu ndogo ya bajeti iwekwe kando kwa maswali ambayo hayakuagizwa na mtu: ya nyota, ya wadudu wasio na madhara, ya hesabu tupu. Wizara ilikataa. Duru iliyofuata akapendekeza tena, ikakataa tena. Katibu Mkuu mmoja alimwambia kwa upole, "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kuchagua, leo unataka tusichague?" Akajibu, "Nataka tuchague pia kutojua." Mara ya tatu walikubali, wengine wanasema ni kwa uchovu.

Ndipo alipokwenda nyumbani kwa Mzee wa Nyota kumwomba aketi kwenye jopo la kusoma maombi ya fungu hilo. Nilimsindikiza. Mzee alifungua mlango, akatuangalia, akatuacha tumesimama barazani huku akisoma barua ya mwaliko kuanzia mstari wa juu hadi muhuri. Nilikwishaanza kutafuta maneno ya kuagia. Kisha akasema, "Umechelewa sana, binti yangu." Mama Kwanza akaitika, "Ndiyo, Mwalimu." Mzee akasogea pembeni ya mlango. "Ingieni basi. Mnakunywa chai au kahawa?"

Alikaa kwenye jopo hilo hadi miguu ilipomkatalia. Ombi la kwanza la elimu ya nyota lilipoletwa, sote tulijua litapita. Mzee ndiye aliyelikataa. "Halijaiva," akasema, akampa mwombaji kurasa nzima za maelekezo. Mama Kwanza alitoka nje ya ukumbi kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu, akasingizia vumbi.

Nyumbani ni mke wa fundi piano na bibi wa wajukuu wasiomwogopa hata kidogo. Mipango yake ya baadaye ni kujifunza kuogelea, jambo ambalo mumewe amelipokea kwa wasiwasi mkubwa.

Wiki iliyopita vijana wa idara walimwomba atuachie maoni yake: duru ijayo, nini kitangulie? Tulikaa na kalamu mkononi. Alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Nikiwaambia, mtayaheshimu, na mkiyaheshimu hamtayabishia. Nendeni mkawaulize watu, halafu mgombane wenyewe." Kisha akachukua mkoba wake, akaaga.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote: ahsante, Mama, kwa uvumilivu wako na kwa kutokubali kwako haraka. Tunakuombea afya, utulivu na maji yasiyo na kina kirefu. Sisi huku tumekwishaanza kugombana.