Taa ya Joto ya Mzee Romanus Mbawala

Marehemu Romanus Mbawala alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika kijiji cha Maposeni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Edmund Mbawala na Mama Leticia. Alibatizwa Peramiho siku tano baadaye. Wazee wa ukoo wamenituma mimi, mjukuu wake Jane, niwasomee habari zake, kwa sababu mjukuu ni mtani wa babu, na kuna mambo ya marehemu ambayo mtani peke yake ndiye anayeweza kuyasema mbele ya jeneza. Mnivumilie.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1941 hadi 1949. Asubuhi alitumwa kwanza kulinda mahindi, na alikuwa akienda na mbwa wa nusu ya kijiji. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja ya baridi ya Juni aliketi juani katikati ya mbwa hao, akasinzia, na alipozinduka somo la hesabu lilikuwa limekwisha. Alichapwa. Lakini mpaka uzeeni alisema usingizi ule ulistahili viboko vyote, kwa kuwa hakuwahi tena kusikia joto la namna ile mwilini. Mwaka 1952 alikwenda Mpwapwa kusomea mifugo, akarudi mwaka 1954 akiwa na koti la kaki na sindano zake mwenyewe.

Alifanya kazi ya bwana mifugo kwa miaka thelathini na tisa, Njombe, Mbinga na hapa Songea. Alisimamia majosho, alichanja mbwa dhidi ya kichaa, alizalisha ng'ombe wengi kuliko anavyoweza kukumbuka mtu. Katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo ni lazima lisemwe. Mwaka 1961 mdogo wake, Babu Leo, alishikwa na homa ya mapafu wakati wa masika, barabara zikiwa zimekatika. Mama yao alimlilia Romanus afanye chochote. Akamchoma Leo dawa ya ng'ombe, siku saba. Leo alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena. Babu Leo amekaa hapa mstari wa mbele, na anayafuata haya kwenye nakala yake iliyochapwa. Amenipa ruhusa ya kuyasema. Aliniandikia kwenye karatasi: "Waambie nilimsamehe siku ileile. Yeye ndiye hakutaka kusamehewa."

Tangu hapo marehemu aliapa kwamba kifaa cha mnyama hakitagusa mwili wa mtu mikononi mwake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata mwiba alikataa kututoa, akisema tupelekwe zahanati.

Tarehe 18 Oktoba 1958 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Adela Ngonyani, binti mrefu mwenye sauti ya pili katika kwaya. Mungu aliwajalia watoto watatu: Aidan, Leticia ambaye ni mama yangu, na Remmy. Bibi alilima, alichuuza maharage, alilea. Ilipofika mwaka 1990 magoti yake yalikuwa yamevimba na kukaza, na kanisani akawa anabaki ameketi kwenye benchi la nyuma wakati wengine wote wamepiga magoti. Hilo lilimuuma kuliko maumivu yenyewe. Alisema anamwona Mungu kama mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba asiyeinuka kitini.

Mwaka 1991 babu alianguka na pikipiki ya kazi, na bega lake likatibiwa hospitalini kwa taa yenye mwanga mwekundu, ile inayotoa joto linaloingia mpaka kwenye kiungo. Alilala chini yake akaota yuko Maposeni na mbwa. Hospitali ilipopata taa mpya, aliiomba ile kuukuu, akapewa. Alipopunguzwa kazini Juni 1993, wakati watu wa mifugo walikuwa wameanza kuruhusiwa kujitegemea, wenzake walifungua maduka ya dawa. Yeye alitandika gunia chini ya dirisha la sebule yake hapa Mjimwema na kuanza kuwatibu mbwa na paka wazee.

Watu walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mbwa mzee ni nani wa kumwashia umeme, tena umeme wenyewe wa mgao? Mgonjwa wa kwanza alikuwa Jeki, mbwa wetu wa miaka kumi na mbili, ambaye nyonga zake zilikuwa zimekakamaa hata kizingiti kilimshinda. Babu aliiweka taa umbali wa nusu mkono, akaweka kiganja chake mgongoni mwa mbwa ili joto likizidi alisikie yeye kwanza. Dakika kumi na tano kila jioni. Jeki alilala, miguu ikikimbia ndotoni, na ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Wiki ya tatu alivuka kizingiti mwenyewe. Kutoka Msamala alikuja Mzee Daimu, mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru, amembeba paka kwenye kapu.

"Huyu ni wa mke wangu Asma," alisema. "Akifa huyu, mimi sina pa kulala."

"Uzee hauponi, Mzee Daimu," babu alimjibu. "Tunapunguza maumivu tu."

"Inshallah. Hilo tu linatosha."

Kisha kukazuka jambo ambalo lingeweza kuzuka Songea tu. Jioni moja Katekista Otto alibisha hodi, kofia mkononi.

"Mzee Romanus, akina mama wakitoka jumuiya wanapiga goti hapo barabarani, mbele ya dirisha lako. Wameona taa nyekundu inawaka kila jioni, kama ile ya tabernakulo kanisani. Wanasema Sakramenti imehifadhiwa humu."

"Humu yumo Jeki."

"Namwona. Lakini iondoe dirishani, mzee wangu, kabla Paroko hajasikia."

Babu alitii. Aliihamishia taa jikoni, mahali ambapo hakuna anayepita, na gunia akalitandika kando ya kigoda ambacho bibi alikalia kuchambua maharage. Alisema ndiyo nafasi pekee iliyokuwepo.

Bibi alikuwa ameshamwomba mara mbili amwashie taa ile, na mara mbili alikataliwa, kwa kuwa kwa babu taa ile sasa ilikuwa kifaa cha wanyama. "Mimi ni mtu wa wanyama, Adela. Nenda hospitali." Hospitali alikwenda, akapewa vidonge, vikamsumbua tumbo. Sasa taa ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kigoda chake. Babu alipotoka nje kuchota maji ya mbwa, bibi alisogea. Alivuta khanga juu kidogo, akaweka goti la kushoto kwenye ukingo wa mwanga, halafu la kulia. Maharage kwenye ungo yaligeuka mekundu yote, na bibi alisinzia nusu, hajui kama anaota au anachambua. Akisikia miguu ya babu inarudi, alijivuta nyuma. Aliniambia siri hiyo mwaka 1994 kwa sauti ya mtu aliyekula fedha za sadaka: "Mjukuu wangu, namwibia mbwa mwanga wake." Aliungama hata kanisani. Anasema Padri alikohoa, akampa Salamu Maria moja.

Mimi niliona kwamba babu alichukua muda mrefu sana kuchota ndoo moja ya maji.

Jeki alikufa kwa uzee tarehe 2 Juni 1995, baada ya kutembea mwenyewe mpaka chini ya mparachichi. Babu alimzika. Jioni yake aliiwasha taa kama kawaida. Bibi alipouliza inamwakia nani, alijibiwa kwamba taa ya namna ile isipopashwa moto kila siku inaharibika. Bibi aliamini, babu ndiye mtaalamu. Babu akatoka kwenda kuchota maji, ingawa hapakuwa na mbwa wa kunywa.

Tarehe 11 Agosti mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akaomba arudi nyumbani. Siku zake za mwisho hazikuwa na kelele. Alitazama jua likitambaa ukutani na kutuuliza kama mahindi yamelindwa. Alipakwa mafuta matakatifu, na Jumanne tarehe 17 Septemba 1996, saa nne asubuhi, alifariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Marehemu ameacha mdogo wake Leo, watoto watatu, wajukuu tisa, na paka mmoja wa Msamala ambaye bado anatembea. Ameacha pia mjane, bibi yetu Adela, na hapa naomba bibi unisikilize. Juzi nilifungua daftari la babu la wagonjwa nitafute tarehe za wasifu huu. Kila ukurasa una jina la mnyama, kiungo na dakika. Lakini kuanzia tarehe 22 Novemba 1993 kuna mgonjwa asiyeandikwa jina. Nasoma maneno yake mwenyewe: "Magoti yote mawili. Sijamgusa. Nimetoka nje dakika ishirini." Mwezi uliofuata: "Kushoto uvimbe umepungua. Sijamgusa." Imeandikwa hivyo kurasa thelathini na nane, na kurasa za baada ya kifo cha Jeki hazina jina la mbwa hata mmoja. Maandishi ya mwisho ni ya Pasaka ya mwaka huu: "Amepiga magoti kwenye Misa leo. Mungu anisamehe, nilifumbua macho wakati wa sala, nikamtazama mpaka alipoinuka."

Bibi, hukuiba. Ulikuwa mwanga wako.

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako Romanus, umweke mahali penye joto, alale kwa amani.