Dkt. Genoveva Sixtus Kudra: Daktari Aliyeogopa Pamoja na Wagonjwa Wake
(14 Machi 1973 – 17 Juni 2025)

Baba Paroko, mama yetu mpendwa Bi. Mwanamkuu, shemeji Sebastian na watoto, madaktari na wauguzi mliotoka Kibaha na Kisarawe, ndugu zetu wa Mzenga na majirani wa hapa Dutumi. Dada aliniagiza mwenyewe, mimi Monica, mdogo wake na kitindamimba wetu, niandike wasifu huu. Alinikataza kuandika kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Alisema, "Andika nilivyougua, na andika kwamba niliogopa."

Marehemu Dkt. Genoveva alizaliwa hapa Dutumi tarehe 14 Machi 1973, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mwalimu Sixtus Kudra na Bi. Mwanamkuu Yahya wa Mzenga, Kisarawe. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbuzi dume wa jirani, na akitumwa dukani alikuwa anakwenda mbio na kurudi mbio. Hata hivyo maji hakuyaogopa. Alioga na wenzake kwenye madimbwi ya Ruvu kila msimu wa mvua, na kama watoto wengi wa wakati ule alikojoa damu kwa sababu ya kichocho, akapewa vidonge shuleni, akapona.

Alisoma Shule ya Msingi Dutumi kuanzia 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya bweni mkoani Morogoro. Mwaka 1994 alijiunga na masomo ya udaktari Dar es Salaam. Akiwa mwaka wa pili, baba yetu aliletwa mjini akiwa amevimba miguu na uso, hawezi kumaliza sentensi bila kuhema. Vipimo vilionyesha kwamba tezi dume ilikuwa imeziba njia ya mkojo kwa muda mrefu, na figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Kwa miaka miwili baba alikuwa akiamka kila saa kwenda chooni, akivaa suruali nyeusi ili mikojo isionekane, na hakumwambia mtu.

Genoveva alimuuliza, "Baba, kwa nini hukuniambia? Si ninasomea udaktari?"

Baba akajibu, "Nilisikia wanakata, mwanangu. Nikaogopa. Halafu wewe ni binti yangu. Ningeanzia wapi?"

Alifariki siku tisa baadaye, tarehe 22 Agosti 1996. Tangu siku hiyo dada hakuwa na swali tena kuhusu atabobea katika magonjwa gani.

Alihitimu mwaka 1999. Mwaka uliofuata, akiwa daktari wa mafunzo, alimpokea mgonjwa aliyekuwa akigaragara sakafuni na kulia kwa sauti mbele za watu. Alikuwa fundi wa mitambo ya maji ya Ruvu, na kwenye figo yake kulikuwa na jiwe. Wauguzi walimwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Akasema, "Dada zangu, nijikaze nini? Inauma na ninaogopa!" Fundi huyo ndiye Bwana Sebastian Mloka. Jiwe lilitoka, naye akarudi kushukuru akiwa amebeba kambale wawili wa Ruvu kwenye ndoo. Dada alipenda kusema kwamba hakuvutwa na kambale. Alivutwa na mwanaume aliyeweza kusema inauma. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, na Mungu akawajalia watoto wawili, Stellamaris na Sixtus.

Marehemu alisomea upasuaji, kisha akaenda Moshi kubobea katika magonjwa ya figo, kibofu, tezi dume na njia ya mkojo. Alirudi na kuanza kazi hospitalini Kibaha mwaka 2010, na kila Alhamisi alikwenda Kisarawe kuona wagonjwa. Haikuwa kazi rahisi kwa mwanamke. Wazee walikuwa wakimkuta chumbani wanageuza na kuondoka.

Mzee Mfaume wa Mzenga, ambaye tuko naye hapa leo, ameniruhusu nisimulie yake. Mwaka 2011 aliletwa akiwa hajakojoa siku mbili, tumbo limekaza kama ngoma, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mzee," dada alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nenda kaniitie daktari."

"Daktari ni mimi, mzee."

"Wewe hapana. Bora nife."

Dada akavuta kiti akakaa. Alimwona baba yetu katika kile kitanda. Akamwambia, "Mzee, una aibu na unaogopa. Mimi naogopa kuliko wewe, kwa sababu najua kitakachokupata tukichelewa. Basi tuogope wote, lakini mkojo utoke."

Mzee Mfaume akafunika uso kwa kofia yake na kusema, "Haya. Ila usiniangalie usoni." Dada aliingiza mpira wa mkojo, na mzee akalia kwa nafuu. Wiki tatu baadaye alimfanyia upasuaji wa tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Tangu hapo kila mwaka mzee alikuwa akileta wanaume wengine kutoka Mzenga, wawili wawili, akiwasindikiza mwenyewe hadi mlangoni ili wasitoroke.

Muuguzi Maulida, aliyefanya naye kazi chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na miwili, anasema mikono ya daktari ilikuwa ya baridi kabla ya kila upasuaji, hata ule mdogo. Aliwahi kumuuliza kama hajazoea tu. Dada akamjibu, "Siku nikiingia humu bila kuogopa, nifukuzeni."

Mwezi Februari 2022 dada aliona damu kwenye mkojo wake. Hakuwa na maumivu yoyote. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote katika familia hii, na alijua pia kwamba kichocho cha utotoni huweza kuacha mbegu mbaya kwenye kibofu. Akanyamaza. Alikwenda kazini, akawahimiza watu wawahi kupima, akarudi nyumbani Mailimoja, akafunga mlango wa choo na kumwaga maji haraka. Alifanya hivyo miezi mitatu. Siku moja ya Mei maji yalikatika, na shemeji akaiona damu kabla dada hajaimwaga.

"Mama Stella, hii damu ya nini?"

"Ya mwezi."

"Uliniambia mwaka jana imekatika."

Dada akakaa chini palepale sakafuni. "Najua ni nini, Baba Stella. Nimemlaumu baba yangu miaka yote hii, kumbe ndivyo ilivyo. Mtu unajua, na miguu inakataa."

Shemeji hakumgombeza. Alikaa naye sakafuni mpaka akakubali.

Aliyempima ni Dkt. Rama Hussen, ambaye dada mwenyewe alimfundisha kazi. Tarehe 19 Mei 2022 Dkt. Rama aliingiza kamera kwenye kibofu. Dada aliomba skrini igeuzwe asione. Dkt. Rama alikuwa akiongea, mara akanyamaza. Dada akasema akiwa amefumba macho, "Usihangaike kutafuta maneno, Rama. Huko kunyamaza nimekufundisha mimi." Kinyama kilichopelekwa maabara kilithibitisha kuwa ni saratani, nayo ilikuwa imeingia kwenye msuli wa kibofu.

Tarehe 14 Juni 2022 alipelekwa Dar es Salaam kuondolewa kibofu. Nilikuwa naye. Tulipofika mlango wa chumba cha upasuaji aliushika kwa mikono miwili na kupaza sauti, "Nirudisheni nyumbani!" Aliyekuwa analia vile ni mtu aliyewapitisha mamia ya watu kwenye milango kama ile. Daktari mpasuaji akaagiza kitanda kisisukumwe. Tulisimama hapo naye. Kisha dada akaachia mkono mmoja, halafu wa pili, akasema, "Twendeni kabla sijaghairi." Upasuaji ulichukua saa saba. Tangu siku hiyo mkojo wake ulitoka kwa kipande cha utumbo hadi kwenye mfuko mdogo uliobandikwa ubavuni.

Aliuchukia mfuko ule. Aliogopa utavuja kanisani, aliogopa harufu, hakutaka kukumbatiwa. Lakini Januari 2023 alirudi kazini. Kisarawe alikutana na dereva mmoja, Bwana Latifu, aliyekuwa ameambiwa lazima atolewe kibofu, naye akasema afadhali kaburi. Dada alimwita Maulida, akafunga mlango, akapandisha blauzi kidogo na kumwonyesha mfuko wake.

"Wangu huu hapa. Leo nimekula, nimesali, na asubuhi nimegombana na mume wangu. Naogopa bado. Ila nipo."

Bwana Latifu alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Leo ndiye aliyeendesha gari lililomleta dada hapa Dutumi.

Novemba 2024 alianza kukohoa. Saratani ilikuwa imerudi, safari hii kwenye mapafu na mifupa. Alipewa dripu za dawa hadi Machi, kisha akaomba apumzishwe. Wiki za mwisho woga ulimkamata sana, na sitawadanganya. Aliniambia, "Naogopa, Monica."

"Unaogopa kufa, dada?"

"Naogopa kufika mlangoni peke yangu, pasiwe na mtu wa kusimama na mimi."

Mama alimsikia. Alivua kandambili zake, akapanda kitandani, akamkumbatia mwanawe na kumwambia, "Mimi nilikuwepo ulipoingia. Sitoki hapa." Mama hakutoka siku nne. Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, dada alifariki nyumbani kwake Mailimoja, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mama. Vidole vilivyokuwa vimeng'ang'ania kanga ya mama vililegea kimoja kimoja.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Mwanamkuu Yahya; mume wake, Bwana Sebastian Mloka; watoto wake, Stellamaris na Sixtus; ndugu wanne na wajomba wengi wa Mzenga; pamoja na wagonjwa ambao hatuwezi kuwahesabu.

Wiki moja kabla ya kututoka, alimpa Dkt. Rama ombi. Nyuma ya kanisa kuna hema la bluu. Baada ya mazishi Dkt. Rama na Maulida watakuwa humo. Hakuna atakayekatwa leo. Ni kutoa damu kidogo ya kupima na kuzungumza, mmoja mmoja, pazia likiwa limefungwa. Wanaume mliofika miaka hamsini, na yeyote, mwanaume au mwanamke, aliyeona damu akanyamaza: mkienda huku mnatetemeka, nendeni hivyohivyo. Mzee Mfaume amesema atasimama mlangoni.

Ee Bwana, mpokee Genoveva. Alale pasipo hofu. Amina.