Msilikung'ute Busati Langu

Sogeeni, wanangu. Na wewe, Gurgin, weka nyundo chini, maana nikikata roho umeishika, Nishapur nzima itasema umenimaliza wewe.

Nimewasikia mkinong'onezana mlangoni. Gurgin anataka kuyeyusha mrashi wa fedha wa marehemu mama yenu apate madini ya kufanyia kazi, kwa kuwa yameadimika sokoni na bila hayo duka litafungwa. Na wewe, Mahbanu, umelia mpaka macho yamevimba.

Gurgin mwanangu, masinia na vyetezo vyote nilivyochonga viko wapi leo? Kila alipoingia mtawala mpya watu waliniletea niviyeyushe wapate kumlipa kodi, na mimi niliyevichora majani na ndege ndiye niliyevuta mvukuto, huku roho ikiniuma. Umebaki mrashi ule tu. Nilimchongea Gulandam tukiwa wachumba, naye akinisagia ile dawa nyeusi ya kiberiti ya kujazia nakshi, akinicheka kwamba pua yangu imepakwa kuliko kazi yenyewe. Na lile bonyeo ubavuni ni kichwa changu: nilichelewa kurudi, akanirushia. Loo, mama yenu alikuwa na shabaha! Namkumbuka, wanangu, namkumbuka mno. Asilinyooshe mtu bonyeo lile.

Mrashi ni wa Mahbanu. Duka na vyombo vya kazi ni vya Gurgin. Usininunie, sijamaliza.

Busati hili nimelikalia kazini tangu sijaota ndevu, na vumbi la fedha lililotoka kwenye tupa na tindo zangu, miaka yote hiyo, limezama humu. Gulandam hakuruhusu likung'utwe hata mara moja. "Liache, bwana wee," alikuwa akisema, "hiyo akiba ya watoto." Basi lichomeni uani, mwoshe majivu taratibu, myeyushe kitakachobaki. Chetezo cha kwanza hakikosi kutoka humo, Gurgin, na duka litafunguliwa.

Nipe maji, Mahbanu... Inatosha. Maneno niliyowachongea wageni ukingoni mwa vyombo vyao, leo nawapa ninyi: heri, na afya, na siku nyingi... kwa wenye nyumba hii. Mpendane. Mnizike... ubavuni mwa mama yenu.

Gurgin, mbona umeshalishika busati pembe? Subiri, baba. Nimelilalia... Mnitoe kwanza.