Toroli Limesimama Tena

Benchi lenyewe ni mbao za kreti zilizopigiliwa misumari juu ya matairi mabovu, ng'ambo ya geti la ghala, na ukilikalia vibaya linakuchana suruali. Alasiri hapo huwakosi watu. Yupo Wakili, kinyozi ambaye mahakamani aliingia mara moja tu maishani, tena kama mshtakiwa. Yupo Redio, mpakia mizigo wa humo ghalani, ambaye habari ikimwingia sikioni lazima imtoke mdomoni. Na yupo Breki, aliyekuwa dereva wa foko, lile gari la kunyanyulia mizigo, mpaka Ijumaa iliyopita alipomwaga unga, kazi ikaisha. Bado anakuja. Aende wapi? Nyumbani hakuna mtu, mkewe yuko zamu humo humo ghalani, anafungasha maboksi. Siku hiyo muuza kahawa alikuwa ndiyo kwanza amemimina, Redio akatokea getini anahema.

— Jamani, limesimama tena!

— Nini kimesimama? Wakili akauliza.

— Toroli! Lile linalojiendesha. Limebeba mzigo mpaka juu, linakwenda vizuri, likifika meza ya kufungashia, tii! Mbele hakuna mtu, hakuna hata boksi. Linakaa kidogo kama linameza mate, halafu hilo, linakwenda zake.

Breki alizungusha kikombe mkononi.

— Hilo jini, akasema Wakili. Ghala lile limejengwa juu ya makaburi.

— Makaburi gani wewe? Pale palikuwa kiwanda cha sabuni.

— Na waliokuwa wakifa humo kwenye sabuni walizikwa wapi?

— Mimi nasema ni chaji, akadakia muuza kahawa. Linachoka.

— Lichoke mbele ya meza ya akina mama tu? Wakili akamkatiza. Hilo limependa. Leo linasimama, kesho litadai likizo, kesho kutwa utasikia limeleta posa!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Breki naye akacheka, maana asingecheka wangemuuliza ana nini.

Alikuwa anajua linasimamia nini, maskini. Mabosi walimfungia kijisanduku cha kunasa mwendo juu ya foko yake, wakamwambia aendeshe kama siku zote, toroli la kwanza lijifunze njia kwake. Alikuja kuomba ushauri hapa hapa benchini. Wakili akamwambia, lifundishe kama mwanao wa kumzaa, wakiona ujuzi wako watakupa cheo. Redio akaongezea kwamba atakuwa bosi wa matoroli yote. Basi Breki akafua ovaroli, akaendesha kwa moyo wake wote, hakuficha kona hata moja. Cheo chenyewe ndicho hiki, kukaa kwenye misumari.

Na miaka yote hiyo, akifika meza ya kufungashia alikuwa anakanyaga breki kidogo, anainua kidole kimoja kwenye usukani, na mkewe anainua kichwa. Basi, hayo tu. Hata siku walizoamka wamenuniana, kidole kiliinuka na kichwa kikainuka, na jioni wakala pamoja. Alikizoea kituo kile hata akawa hajui kama anasimama. Lile toroli likachukua yote.

— Mabosi wamekasirika, Redio akaendelea. Wanasema linawapotezea muda. Wanamtaka aliyelifundisha arudi aipite njia upya bila kusimama, lifute ile tabia. Breki, hawajakupigia?

— Bado, akasema Breki.

Uongo mtupu. Walimpigia asubuhi. Msimamizi alisema ni kazi ya kesho tu, halafu watamfikiria kwa nafasi ya ulinzi getini. Breki alijibu "ndiyo, bosi" kabla mwenzake hajamaliza kusema. Tangu hapo alikuwa anajionea aibu.

— Wakipiga usiende! Wakili akafoka. Wakupigie magoti!

— Aende, akasema Redio, ila alifundishe ujinga. Alipeleke na mzigo wake mpaka chooni.

— Chooni ni karibu! Lifundishwe kuingia ofisini kwa bosi, limpigie honi masikioni!

— Yote yafundishwe kutoka getini, akasema muuza kahawa, naye kapandwa na mori. Yashike barabara kuu, yaende zake, tusiyaone tena!

— Halafu watamwita Breki ayafuate!

— Na gari la kampuni watampa!

Breki alisikiliza kwa sikio moja. Jana usiku mkewe alikuwa amemwambia, "Likisimama nainua kichwa. Najua si wewe. Nainua tu." Kisha akageukia ukutani. Hakulia, na Breki aliona heri angelia.

King'ora cha zamu kikalia, geti likafunguka, watu wakamwagika nje. Mkewe akavuka barabara na mkoba wake kwapani, akaja moja kwa moja benchini.

— Karibu kahawa, shemeji, akasema Wakili.

— Asante, shemeji, sikai.

Akamtazama mumewe.

— Leo kutwa nzima limekuwa likisimama. Siku zote wenzangu walikuwa wanacheka, wananiambia, haya, mumeo huyo anapita. Leo hakuna aliyecheka.

Breki akatazama viatu vyake.

— Lakini ndiyo basi tena, mkewe akasema. Msimamizi katutangazia kesho anakuja mtu kuliondolea hiyo tabia. Kasema mtu mwenyewe amekubali asubuhi hii hii, wala hakubembelezwa.

Akamgeukia Redio.

— Shemeji, wewe habari zote za mle ndani unazo. Huyo mtu ni nani?

Redio akafungua mdomo. Akamtazama Breki, akaufunga. Wakili akajifanya ana kiu, akanyoosha kikombe, na muuza kahawa akainamisha birika mpaka mwisho, yakatoka machicha.

— Imekwisha, akasema kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyeinuka. Breki alikuwa bado ameinama, na mkewe alikuwa bado amesimama pale mbele yake, anasubiri ajibiwe.