Mdogo Wangu Ulimi na Reposado ya Bei Nafuu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, mwalimu mstaafu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Ulimi. Naomba mnivumilie, kwa sababu katikati ya karatasi hii kuna sehemu ambayo asubuhi hii baba mdogo aliniomba niiruke, nikamjibu kwa heshima zote kwamba siiruki, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyeniapisha niisome, na mnanijua, nikishaapishwa sina njia ya kurudi nyuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitindamimba wa mzee wetu, aliyekuwa seremala, na mama yetu, aliyekuwa akishona sare za shule, na tangu anatambaa alikuwa mtoto wa kunusa, hatii chakula kinywani kabla hajakinusa, havai shati kabla hajalinusa, nami niliyembeba mgongoni ndiye niliyegombezwa kila alipotangaza mbele ya watu kwamba mgeni aliyekaa kwenye kiti kizuri ananuka soksi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari ya wavulana hadi mwaka 1976, ambako mwalimu wa kemia alimtumia kutambua chupa zilizobanduka lebo, jambo ambalo leo mwalimu angefukuzwa kazi kwa kulifanya, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kuhitimu cheti cha maabara ya vyakula mwezi Novemba 1979, akafanya kazi miaka michache katika kiwanda cha maziwa.

Tarehe 2 Machi 1984 aliajiriwa na kampuni ya kuingiza vinywaji kuwa mwonjaji, na hapo ndipo jina la Ulimi lilipozaliwa, ingawa yeye alikuwa akitukumbusha kwamba ulimi hujua mambo machache tu, utamu, uchungu, chumvi, ukali, na kwamba kazi yote iliyobaki hufanywa na pua. Alifanya kazi katika chumba cheupe chenye dirisha moja kubwa, meza isiyo na kitambaa, glasi za mdomo mwembamba na ndoo ya kutemea, kwa sababu mwonjaji hamezi, anasukutua, anatema na anasubiri, na nasema hili kwa sauti ili wale mliomwita mlevi kwa miaka yote hiyo mlisikie vizuri, kwamba mdogo wangu alitia pombe kinywani kila siku ya kazi na hakulewa hata mara moja, hata siku ya harusi yake.

Alionja vingi, lakini kilichompa sifa ni tequila, kinywaji cha mmea wa jamii ya mkonge, na hasa ile iitwayo reposado, neno ambalo maana yake ni iliyopumzika, kwa sababu baada ya kutengenezwa hulazwa ndani ya pipa la mbao ya mwaloni kwa miezi kadhaa, mpaka ukali utulie na mbao iiachie rangi na harufu yake. Hukumu zake zilikuwa mbili tu, imepumzika au haijapumzika, na wenye mahoteli na mabaa waliyangoja maneno hayo kama wanafunzi wanaongoja matokeo, maana akisema imepumzika kreti zinaondoka, akisema haijapumzika kreti zinalala.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyeketi hapa mbele, baada ya baba mkwe kumwambia apumue karibu na uso wake ili ahakikishe binti yake haendi kwa mlevi, naye akapumua bila kinyongo, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili dereva wa lori, wa mwisho mwalimu kama shangazi yake. Katika nyumba ile hapakupikwa kitunguu asubuhi wala hapakutumika sabuni ya manukato, na watoto walikua wakiamini kwamba nyumba zote duniani ziko hivyo.

Sasa nafika pale nilipoombwa niruke. Wifi, wanangu, nisameheni, naona mmeinamisha vichwa.

Mwishoni mwa mwaka 2012 marehemu aliugua homa kali, akapona, lakini pua haikupona naye, akawa hasikii harufu ya sabuni, ya moshi, ya jasho lake mwenyewe, na hakumwambia mtu yeyote, si mkewe, si daktari, si mwajiri, kwa sababu alijiambia itarudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, na kwa sababu watoto walikuwa bado masomoni na mwonjaji asiye na pua hana kazi. Akaendelea kuketi kwenye meza ile nyeupe, akitazama rangi, akisoma lebo, akikumbuka bei, na kutoa hukumu kwa sauti ileile ya uhakika.

Mwezi Juni 2013, siku ya wanunuzi, alikuja pale mwanamke mfanyabiashara aliyeitwa Mama Kreti, kwa kuwa kreti zake alizibeba mwenyewe, akileta reposado aliyoihangaikia kwa muda mrefu, iliyolala kwenye pipa kihalali na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu, naye akaomba kampuni ile iisambaze. Marehemu aliinusa akapata hewa tupu, akaionja akapata utamu na moto, basi, kwa maana ukiondoa pua hicho ndicho kinachobaki, akaitazama bei yake, akajiambia kitu cha bei hii hakiwezi kuwa safi, na mbele ya wenye mahoteli wote akasema, haijapumzika hii, na imetiwa sukari.

Kuna kipimo kidogo ambacho kila mwonjaji anakijua, cha kudondosha matone kwenye kiganja na kusugua mikono, kwa sababu tequila iliyotiwa sukari hunata na isiyotiwa hukauka, na hakihitaji pua, na marehemu hakukifanya. Alituambia kwamba hakukifanya kwa sababu aliogopa jibu lake.

Wanunuzi walimwamini, kwa nini wasimwamini, wakamfungia yule mama milango siku hiyohiyo, na baada ya muda duka lake la vinywaji likafungwa, lakini hilo si kubwa kuliko lililofuata, kwani mtaa mzima uliacha kumwita Mama Kreti ukaanza kumwita Mama Sukari, yaani tapeli, mchakachuaji, na hata watoto wasiojua jina limetoka wapi walimwamkia hivyo, Mama Sukari shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sababu angefanya nini.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Septemba 2016 kwa sherehe na saa ya ukutani, na kuanzia hapo alianza tabia ambayo familia hatukuielewa, ya kununua balbu. Mama Kreti alikuwa amefungua kijiduka cha balbu, nyaya na soketi karibu na karakana ya baiskeli, na mdogo wangu alikuwa akitoka nyumbani amevaa vizuri, anakwenda pale kumwomba radhi, anafika, anaulizwa tukusaidie nini mzee, ananunua balbu, anarudi. Wifi alimuuliza kama anataka kuwasha taa za uwanja wa mpira. Tulicheka sana kuhusu balbu zile, tulizitania kwenye kila kikao cha familia.

Mwaka 2021 alianza kutokwa na damu puani na kuumwa kichwa, vipimo vikaonyesha uvimbe nyuma ya pua, akaanza matibabu katika hospitali kuu, ghorofa ya pili, na ni kwenye kitanda kile alipotueleza mimi na mkewe yote niliyowasomea. Nilimwambia hayo yamepita, apumzike. Akaniambia, dada, neno hilo usilitumie kwangu, sijapumzika mimi.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2023, aliporuhusiwa kukaa nyumbani, alitoa kabatini chupa ya reposado ileile, iliyobaki kati ya zile za kuonjeshea, akamwomba mkewe awe pua yake. Wifi, ambaye hajawahi kunywa hata bia, aliketi mezani, akaweka karatasi nyeupe nyuma ya glasi, akasema rangi ni ya majani makavu, akainamisha glasi, akasema inateremka polepole kama machozi, kisha akanusa na kusema nasikia pombe tu, baba watoto. Marehemu akamwelekeza aache mdomo wazi kidogo na asiwe na haraka, akanusa tena, akasema nasikia kiazi kitamu kilichookwa, marehemu akasema huo ni mkonge uliookwa, akanusa tena, akasema pilipili manga, halafu akairudia glasi, akasema, nasikia karakana ya baba yako, mbao iliyopigwa randa muda huu, na kwa mbali vanila ya keki.

Marehemu akanyoosha viganja, mkewe akamdondoshea, akasugua, akangoja, akasugua tena. Mikono ilikuwa mikavu. Alibaki ameinyoosha vilevile mbele yake, analia, na mimi niliyekuwa nimeshika mlango sikujua nimshike yeye au nimshike wifi.

Alitaka kuwaita wanunuzi wote wa zamani awaambie mwenyewe, kwa sababu alisema alichosema mbele ya watu hawezi kukifuta chumbani, lakini mwezi Machi alirudishwa hospitali na sauti ikakatika, akaniachia kazi hiyo kwa kuandika hewani kwa kidole, na alfajiri ya Jumamosi tarehe 6 Mei 2023 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Juzi nilikwenda dukani kumwalika Mama Kreti, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikuona haki ya kukaa. Msamaha sikuuomba. Aliniuliza swali moja tu, balbu zote zile alikuwa anazipeleka wapi, nikamwambia ziko kwenye boksi chini ya kitanda, nyingi hazijawahi kuwaka. Akageuka akaanza kupanga soketi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili waliomhudumia mpaka pumzi ya mwisho, majirani mliotuletea viti, maji na mikono yenu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, mahoteli na mabaa, ambao nimewaona wote mmeketi mstari wa kushoto, na ninyi ndio ninaowasomea hukumu hii kama alivyoniagiza. Reposado ile ni safi, rangi yake ni ya pipa, harufu yake ni ya mkonge uliookwa, pilipili manga na mbao, bei yake ni nafuu na hilo halikuwa kosa lake wala la mwenye nayo, haikutiwa sukari, imepumzika. Mwanamke yule amesimama pale mlangoni, amekataa kiti, na jina lake ni Mama Kreti, na atakayetoka hapa akamwita vingine atakuwa amemwongezea marehemu mzigo ambao hawezi tena kuushusha.

Mdogo wangu, nimeisoma yote, sikuruka hata mstari. Sasa neno ulilonikataza nalitumia, na kwa amani, pumzika.