Simu ya Kitonga

Ndani ya basi dogo la Kosta la kwenda Mafinga, mama mmoja mbele yangu alimgeukia jirani yake, fundi aliyepakata redio ya gari.

"Fundi, mwanangu Gerson ana gari la spoti la zamani. Anashuka kona kali za mlima Kitonga kashika simu sikioni! Mfungie bluetooth, ila muziki sitaki."

"Vinakuja pamoja, mama. Ukipiga, muziki unanyamaza wenyewe."

"Hapo sawa. Ngoja nimwambie." Akapiga. "Gerson, uko wapi? Kitonga?"

"Kata, mama!" fundi akaruka. "Kumbe anayempigia ni wewe?"

"Nisipompigia nitajuaje kama kashuka salama?"

Nilifumba macho nikamwombea Gerson. Niliposema amina tulikuwa stendi, na mama bado anamweleza simuni hatari ya kuongea huku anaendesha.